Pilato wa Chumvini

Hakuna ramani inayoionyesha nchi ya Tulivu, na serikali yake imeridhika kabisa na hali hiyo. Ni nchi ya amani. Hakuna mtu anayefungwa huko. Magereza yalifutwa zamani kwa amri ya Mlezi wa Taifa, ambaye hakulipenda neno lenyewe, na siku iliyofuata mabango yote yalipakwa rangi upya yakaandikwa Nyumba ya Mapumziko. Kuta zilibaki zilezile, askari walibaki walewale, na waliokuwa ndani wakabaki humohumo, ila sasa walikuwa wamepumzika. Mtu akikosea, anapumzishwa. Akikosea sana, anapumzishwa sana. Hata mapadre walielekezwa kuomba kibali kabla ya kumwombea marehemu apumzike kwa amani, maana neno hilo lilikuwa tayari mali ya serikali.

Silvano wa Chumvini alipumzishwa kwa kosa la kuuliza swali ambalo jibu lake linajulikana.

Chumvini ni kijiji kilicho kwenye uwanda mweupe, ambako watu hukwangua chumvi katika majaruba ya Kampuni, vidimbwi vya kukaushia maji ya chumvi. Kampuni haikuwa na jina lingine kwa sababu hapakuwa na kampuni nyingine. Zamani kulikuwa na chemchemi ya maji baridi chini ya kilima, na kijiji kizima kilichota hapo. Kampuni ikaizungushia uzio, kwa kuwa chumvi inayokwenda ng'ambo lazima isafishwe kwa maji safi, nao watu wakaambiwa wasubiri mradi. Mradi ulizinduliwa. Ukazinduliwa tena. Mawaziri walikata utepe pale penye bomba, wakapigwa picha, wakaondoka; bomba likabaki linang'aa na bango lake kubwa, halijawahi kutoa hata tone. Watu wakaanza kunywa maji ya mtaro unaopita kando ya majaruba.

Maji hayo yalimuua Restituta, mtoto wa Levina, kabla hajajifunza kutembea vizuri. Levina alikuwa dada yake Silvano.

Siku ya mazishi alikuja afisa kutoka wilayani kutoa pole. Alitoa pole kwa muda mrefu. Alipomaliza, kwa mazoea ya mikutano, akauliza, “Kuna mwenye swali?” Watu wote walijua kwamba hilo halikuwa swali la kujibiwa. Silvano, ambaye udongo wa kaburi la mpwa wake ulikuwa bado uko kwenye kucha zake, akanyoosha mkono.

“Maji yetu yako wapi?” akauliza.

Katika sheria za Tulivu, kuuliza jambo usilolijua ni ujinga, na ujinga unasameheka. Lakini kuuliza jambo ambalo kila mtu analijua ni uchochezi. Kutoka pale makaburini uzio wa Kampuni ulionekana, na mabati ya pampu yakimeta juani. Walimchukua Silvano kabla watu hawajamaliza kuweka maua.

*

Mke wake, Eufrasia, alipika ugali na mchuzi wa maharage akaenda nao hadi mjini wilayani, kwenye lango la Nyumba ya Mapumziko.

“Mama, amepumzika,” askari wa lango alimwambia kwa upole. “Usimsumbue.”

“Nataka nimwone tu.”

“Ukimwona ataamka. Akiamka ataanza tena maswali. Ndivyo unavyomtakia?”

“Na chakula, kaka yangu?”

“Kiache hapa.”

Alipokwenda tena, sufuria alirudishiwa ikiwa imesuguliwa ikang'aa, na askari yule akamsifu kwa mchuzi. Alimwomba siku nyingine apunguze chumvi. Eufrasia akapunguza. Aliendelea kupeleka, kwa sababu hakujua kama katika chakula kile chote lilifika hata tonge moja kwa Silvano, na asiyejua hawezi kuacha.

Hivyo ndivyo ilivyomkuta Kwaresima.

Kila mwaka, siku ya Ijumaa Kuu, waumini wa Chumvini waliigiza mateso ya Bwana kwenye uwanja ulio mbele ya kanisa. Yesu alikuwa Silvano. Alichaguliwa kwa ajili ya ndevu, na kwa sababu aliweza kuubeba msalaba wa mbao mbichi kuuzunguka uwanja wote bila kuutua. Eufrasia, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya majaruba, aliongoza umati. Kila mwaka alisimama mbele ya mumewe na kupaza sauti, “Asulubiwe!” na watu wakaitikia nyuma yake. Jioni, akimkanda mabega kwa maji ya moto, Silvano alimtania, “Leo umenisulubisha kwa moyo wote, mke wangu. Kuna kosa nimefanya?”

Mwaka huu Padre Onorati alitaka mchezo usiwepo. Alikuwa mtu mwema na mwoga, tena woga wake hakuuficha. Padre aliyemtangulia alihubiri juu ya nabii Amosi, na tangu hapo amepumzika. Padre Onorati alihubiri zaidi juu ya usafi wa mazingira.

Lakini habari kwamba mchezo hautakuwepo zilimfikia Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Pankrasi Ngwamba, naye akaja mwenyewe na magari mawili na walinzi.

*

Alimkuta Padre sebuleni kwake pamoja na Eufrasia, aliyekuwa amekuja kuomba barua yoyote ya kanisa itakayomsaidia langoni. Hakuna aliyemwambia atoke, akabaki ameketi kwenye benchi la karibu na mlango.

“Mchezo lazima uwepo,” Mheshimiwa alisema. “Wageni wanatoka makao makuu kuja kuthibitisha utulivu. Baba Askofu amekwishakubali. Ila, Padre, nimeusoma mchezo wenyewe. Nani ameuandika?”

“Umetoka kwenye Injili, Mheshimiwa.”

“Na hao walioandika Injili, walimhoji Pilato?”

Padre akakoroga chai yake.

“Unaona? Habari ya upande mmoja. Pilato alikuwa mtumishi wa umma. Alipangiwa kituo kigumu, mbali na kwao, watu wagomvi, bajeti hakuna. Na bado alijitahidi. Miaka yote hii mnamtukana mtawala mwenzangu mbele ya watoto wadogo, halafu tunashangaa vijana hawaheshimu ofisi.” Alikunywa chai. “Nimeamua nimwigize mwenyewe.”

“Pilato?”

“Pilato. Anahitaji mtu mwenye uzoefu. Sasa, mambo machache. Askari hawatampiga mtu. Askari wa Tulivu hawapigi.”

“Imeandikwa walimpiga mijeledi, Mheshimiwa.”

“Watamwelimisha. Pili, pale Pilato anapouliza nimfungulie nani, umati hautasema Baraba. Baraba ni mhalifu. Wananchi wetu hawawezi kumtaka mhalifu. Watasema Yesu. Pilato atasikia kilio cha wananchi, atamfungulia, tutapiga makofi, tutakwenda kula.”

Padre Onorati alisogeza kikombe chake huku na huku. “Lakini Mheshimiwa, asipokufa hawezi kufufuka.”

“Na asipokufa kuna haja gani ya kufufuka?” Mheshimiwa aliuliza, na kwa kweli alikuwa anauliza kwa moyo safi. “Padre, katika wilaya hii hajafa mtu tangu niletwe. Taarifa zangu zote ziko hivyo. Sitaanza na Yesu.”

 Eufrasia, kwenye benchi lake, alifikiria kile kilima kidogo cha udongo makaburini, ambacho hakikuwemo katika taarifa.

“Nani anaongoza umati?” Mheshimiwa akauliza.

Padre alimwonyesha kwa kidole, kisha, kwa unyofu wake, akaongeza, “Ni mke wa Silvano,” na hapohapo akajuta.

Lakini Mheshimiwa hakukasirika. Alimgeukia Eufrasia kwa sura ya baba. “Mama, mimi si mtu mgumu. Mumeo amepumzika vya kutosha. Umati wako ukiitikia vizuri mbele ya wageni, jina la Yesu likasikika hadi barabarani, nitaona namna ya kumwamsha.”

“Kweli, Mheshimiwa?”

“Nimesema nitaona.”

Eufrasia alipiga magoti pale pale sakafuni akamshukuru. Padre Onorati alitazama dirishani.

*

Eufrasia alilifanya zoezi lile kama mtu anayezima moto. Kila watu walipotoka majarubani, miguu ikiwa imechunika na chumvi, aliwakusanya uwanjani na kuwaambia waseme. Yesu. Tena. Yesu. Kwa nguvu. Wazee wenye vikohozi, akina mama wenye ndoo kichwani, wote. Aliwaomba, akawakaripia, akalia mbele yao. Watu walimhurumia, wakaitikia.

Levina peke yake alisimama kando, amefumba mdomo.

“Wifi, na wewe,” Eufrasia alimwambia.

“Katika mchezo huu mpya, nani anakufa?”

“Hakuna.”

“Hakuna.” Levina aliitikia kwa kichwa taratibu. “Basi na mwanangu hakufa. Nilizika nini mimi, Eufrasia? Niliosha nini na kukifunga kanga?”

“Wifi yangu, usinifanyie hivi. Ngoja nimtoe kwanza kaka yako. Akitoka tutalia wote, tutalia mpaka tuchoke. Lakini kwanza atoke.”

“Na watakapomtoa kwa kusema hakuna aliyekufa, atatutazama vipi huyo Silvano?”

 Alichokuwa nacho Eufrasia ni sufuria iliyosuguliwa, na hofu iliyomfanya kila usiku alale upande wake wa kitanda bila kuvuka hata kidogo. Alimwacha Levina pale, akawarudia watu, akasema, “Tena.”

Nafasi ya Yesu alipewa Teofilo, mpishi wa nyumba ya wageni ya Kampuni. Mheshimiwa alimchagua yeye kwa sababu alikuwa na miguu safi. Teofilo alikuwa mtu wa kukubali kila kitu. Alizoea kuulizwa nyama imeiva na kusema ndiyo.

*

Ijumaa Kuu ilifika na jua kali. Kwanza lilikuja boza la maji.

Watu wa Chumvini hawakuwa wameona maji baridi mengi namna ile kwa muda mrefu. Yalikuwa ya kuwanywesha wageni, kumwagilia uwanja ili vumbi lisiwachafue viatu, na kujaza beseni la shaba la Pilato. Yalipomwagwa uwanjani, watoto walipiga magoti penye vidimbwi, na askari wakawaondoa kwa kuwaelimisha. Levina alitazama maji yanavyozama ardhini. 

Wageni wa makao makuu waliketi chini ya turubai. Baba Askofu aliketi katikati yao, akahutubia kwa ufupi. Alisema kwamba msalaba ni alama ya uvumilivu, na kwamba uvumilivu ni msingi wa uwekezaji. Redio ya Taifa ilikuwa inarusha moja kwa moja.

Mchezo ukaanza. Yuda alimsaliti Bwana bila malipo, kwa sababu rushwa ilikuwa imekwisha nchini. Petro hakumkana mtu. Askari walimshika Teofilo, wakamfunga mikono kwa kamba, wakamwelimisha kwa dakika chache juu ya umuhimu wa kutii mamlaka. Kisha akatoka Pilato, amevaa joho la zambarau lililoshonwa mjini, na juu ya joho, beji yenye picha ya Mlezi wa Taifa.

Makofi yalikuwa makubwa. Mheshimiwa Ngwamba aliyasikia yakamwingia kichwani kama pombe. Alitakiwa kusema sentensi moja tu: Ni desturi yenu niwafungulie mfungwa mmoja wakati wa Pasaka, mnataka nimfungulie nani? Lakini alitazama wageni, akatazama kipaza sauti cha redio, akaona sentensi moja haimtoshi mtu kama yeye.

“Wananchi!” alisema. “Itifaki imezingatiwa. Watu husema Pilato alikuwa dhaifu. Leo nawaonyesha Pilato mwenye nguvu na mwenye huruma. Uwezo ninao. Nikisema mtu atoke, anatoka sasa hivi, kwa miguu yake. Si lazima huyu. Yeyote! Serikali yenu inawasikiliza. Nitajieni mtu yeyote mnayemtaka, yeyote yule, niwafungulie! Mnamtaka nani?”

Akanyoosha mkono wake kuelekea kwa Eufrasia.

Eufrasia alikuwa na neno la Yesu tayari mdomoni. Alikuwa amelisema mara nyingi sana siku zile hata lilikuwa halina uzito tena, ni sauti tu. Alivuta pumzi. Alimwona Teofilo na mikono yake imefungwa, akaona kamba ilivyokaa palepale ilipokuwa ikikaa kwenye mikono ya mtu mwingine miaka yote. Akafungua mdomo.

“Silvano!” akasema.

Haukuwa ushujaa. Aliulizwa anamtaka nani, akajibu.

 Mmoja wa wageni aliangalia karatasi yake, akimtafuta Silvano kati ya mitume. Eufrasia alijua hapohapo alichofanya.  Mungu wangu, aliwaza, nimemuua.

Ndipo nyuma yake, kutoka pale alipokuwa amesimama kando kwa siku zote zile, sauti ya Levina ikapaa.

“Tufungulie Silvano!”

Kisha mzee mmoja mwenye kikohozi. Kisha akina mama. Halafu umati wote, umati uliozoezwa vizuri kuliko umati wowote katika nchi ile, ukaitikia kwa pamoja na kwa nguvu, jina likasikika hadi barabarani kama lilivyoagizwa: Silvano! Silvano! Mafundi wa redio, ambao waliambiwa wasikate matangazo wakati wa kilio cha wananchi, hawakukata.

“Silvano hayumo kwenye mchezo huu!” Mheshimiwa alipiga kelele. “Yupo huyu tu! Mtakeni huyu!”

Teofilo mpishi, ambaye hajawahi kukataa kitu maishani mwake, alisogea hatua moja mbele na kamba zake.

“Mheshimiwa,” alisema, “mfungulie Silvano. Mimi nitabaki.”

Alilia baada ya kusema hivyo.  Lakini hakurudi nyuma.

Mheshimiwa Ngwamba alitazama huku na huku. Hakuna aliyemwandikia maneno ya kusema hapo. Mbele yake lilikuwapo beseni la shaba, na kitu pekee alichokumbuka katika mchezo mzima ni kwamba Pilato, akifika hapa, ananawa. Kwa kukosa la kufanya, akanawa. Alinawa taratibu, mpaka kwenye viwiko, mbele ya watu wasio na maji ya kunywa, na askari akamletea taulo.

“Sasa,” alisema akijifuta, “anayemtaka Silvano asogee mbele, tumfahamu.”

Alidhani atasogea mwanamke mmoja. Eufrasia akasogea. Levina akaja akasimama kando yake, akamshika mkono. Halafu uwanja wote ukasogea, hata wale waliokuwa wamejificha nyuma ya kanisa wakatoka ili wasiachwe. Baba Askofu aliinuka. “Tuombe,” alisema, akaomba ulinzi kwa ajili ya safari ya wageni, akaingia garini pamoja nao. Padre Onorati alikuwa amesimama katikati, kati ya turubai na watu. Dereva wa Askofu alimfungulia mlango. Padre alitazama watu wake, akafumba macho, akaingia.

*

Nyumba ya Mapumziko ya wilaya isingeweza kuwapokea watu wote hao. Kamati ya Utulivu ilikaa mchana huohuo na kuona wazi kwamba kama watu hawatoshi kuingia katika Nyumba, basi Nyumba iende kwa watu. Yalikuja malori yenye nguzo na waya. Watu wa Chumvini hawakuwahi kuona mradi wa serikali ukikamilika upesi namna ile. Kufikia Jumamosi mchana kijiji kizima kilikuwa kimezungushiwa uzio, na langoni likawekwa bango. Redio ilitangaza kwamba nchi ya Tulivu sasa ina nyumba ya mapumziko kubwa kuliko zote barani. Ilitangaza pia kwamba tatizo la maji katika wilaya hiyo limekwisha kabisa, kwa sababu kijiji kilichokuwa na tatizo hilo si kijiji tena.

Kazi majarubani ingeendelea. Sheria ilisema kwamba mapumziko hayazuii kazi.

Na kwa kuwa sasa Nyumba ya wilaya ilikuwa moja, Silvano alihamishwa. Walimleta Jumamosi hiyo pamoja na Teofilo, ambaye askari walimchukua uwanjani Ijumaa, nyuma ya lori. Teofilo aliweza kuruka chini mwenyewe, uso ukiwa umevimba upande mmoja. Silvano walimteremsha.

Eufrasia alikimbia, kisha hatua chache kabla hajafika akasimama, kwa sababu hakuwa na hakika ni yeye. Ndevu walikuwa wamezinyoa. Chini yake palikuwa na kidevu kidogo ambacho hajawahi kukiona. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekaa vibaya. Alimtazama mkewe kama mtu anayetazama mvua mbali.

“Silvano. Baba. Ni mimi.”

Hakujibu. Wala hakukataa kushikwa. Walimbeba hadi nyumbani, Levina miguu, Eufrasia mabega, yale mabega aliyozoea kuyakanda, sasa ni mifupa tu mkononi. Alimvua nguo akaona mgongo.  Aliomba wifi yake amletee maji.

“Yapo ya mtaroni tu,” Levina alisema.

Walimwosha kwa hayo. Chumvi ya mle ndani ilimchoma kwenye vidonda, akashtuka, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza waliyoipata kwamba bado yumo. Walipomaliza, midomo yake ikafanya kitu kama kunyonya, midomo iliyokauka ikapasuka. Alikuwa na kiu.

Eufrasia alichota kikombe. Alikishika muda mrefu. Levina, aliyemnywesha mtoto wake maji hayohayo kwa sababu hakukuwa na mengine, alimwangalia na kuelewa, akageuza uso ukutani ili mwenzake asilazimike kuamua mbele ya macho yake. Silvano alikuwa anakitazama kikombe. Eufrasia akaomba. Haikuwa sala ya kanisani. Aliuliza tu, Uko wapi Wewe, kisha akamwinua mumewe kichwa na kumnywesha.

*

Jumapili ya Pasaka lori la walinzi lilimleta Padre Onorati hadi langoni. Alikuwa na ruhusa ya kuingia kwa ibada fupi na kutoka. Baba Askofu alimpa ujumbe wa kuwaambia watu kwa mdomo: wawaombee viongozi, wavumilie, na wamshukuru Mungu kwa mapumziko. Akiufikisha vizuri, ataruhusiwa kuja kila mwezi.

Watu walikusanyika uwanjani. Eufrasia alimleta Silvano, akamketisha chini, akamwegemeza kifuani kwake. Hakuna aliyeimba. Teofilo alikaa karibu nao na uso wake uliovimba.

Padre alivaa stola yake ya ibada shingoni. Akasema, “Wapendwa waumini.” Akasafisha koo. “Baba Askofu anawasalimu. Anawaambia kwamba…”

Macho yake yakamwangukia Silvano, na mkono ule wenye vidole vilivyokaa vibaya. Padre aliwahi kuuweka mwili wa Bwana katika mkono huo Jumapili baada ya Jumapili. Alijaribu tena. “Anawaambia…” Midomo yake ilisogea, sauti haikutoka. Watu walimsubiri bila hasira, jambo lililokuwa gumu kwake kuliko hasira.

Hatimaye aliacha kujaribu. Alishuka kwenye kijukwaa cha mbao alichokuwa amesimama, akatembea hadi pale walipokuwa, akaketi chini kwenye ardhi nyeupe kando ya Silvano, kanzu na stola na vyote.

Walikaa hivyo. Lori lilipiga honi. Likapiga tena. Askari wa lango alikuja, na Eufrasia akamtambua: ni yule wa sufuria.

“Padre, muda umekwisha. Gari linaondoka.”

“Liondoke.”

“Ukibaki humu utahesabiwa pamoja nao. Hutoki tena.”

Padre Onorati alikuwa ameshika magoti yake ili yasitetemeke, na bado yalitetemeka. “Nihesabu,” alisema.

Askari alisimama kidogo, kama aliyetaka kumshauri kitu, kisha akaondoka. Walisikia mnyororo ukipita kwenye lango, na lori likizunguka, likienda.

“Kesho alfajiri tunaingia majarubani, Padre,” Levina alimwambia. “Chumvi inakula miguu.”

“Najua.”

“Hujui,” alisema Levina, bila ubaya. “Utajua.” Akasogea kidogo kumpisha kivulini.

Jua lilikuwa limepanda. Padre alilamba midomo yake, kisha akaona haya kwa kuilamba. Eufrasia alimlaza Silvano kwa upole juu ya kanga yake, akaenda kwenye ndoo, akachota, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni. Padre aliyatazama yale maji. Alijua yametoka wapi, naye alikuwa amesoma ibada ya mazishi ya Restituta. Akanywa yote, akarudisha kikombe.